Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 18: Jirani wa Chumba Namba Tatu



Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, na nyinyi mnaotusoma mkiwa Bukoba, Mwanza, Mbarara na kwingineko, Alhamdulillah, Allah (s.w.) ametufikisha siku ya 18. Kumi la mwisho liko mlangoni. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo huwa tunalizungumza sana nje ya msikiti, tukiwa tunavaa viatu, ila ndani hatulifikishi: hawa vijana wanafunzi waliopanga kwenye mitaa yetu, na miziki yao ya usiku.

Malalamiko unayajua. Mitihani ikiisha, au bumu likitoka, au mmoja wao akitimiza miaka 20, basi sabufa inatolewa nje, jenereta inawashwa, barabara ya mtaa inageuka ukumbi. Wanakuja na wenzao wa mitaa mingine, bodaboda zinapiga honi, na saa 7 usiku singeli bado inatikisa madirisha. Na milima yetu hii unaijua. Muziki ukipigwa upande huu wa bonde, aliye upande ule anausikia kama uko uani kwake. Anayetaka kuamka aswali rakaa mbili kabla ya daku halali. Mgonjwa halali. Mzazi mwenye mtoto mchanga ndio kabisa.

Karibu kila siku baada ya tarawehe kuna mtu ananishika mkono: "Mwalimu, liandike hili. Wafukuzwe tu." Nimeahidi kuandika, na leo naandika. Lakini kabla hatujafika huko kwenye kufukuza, nikusimulie kwanza yaliyonifika mimi mwenyewe, maana nikikuficha hilo nitakuwa nakuhubiria tu.

*Usiku ule*

Nina vyumba vinne vya uani, nimewapangisha wanafunzi. Usiku mmoja mwishoni mwa Shaabani walikuwa wamemaliza mitihani. Muziki ulianza saa 2. Saa 4 nikamtuma kijana wangu akawaambie wapunguze. Wakapunguza dakika kumi, wakarudi pale pale. Saa 6 nikaamka na hasira. Sikwenda kwao. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja na mgambo wawili. Tochi zilipowaka, vijana wakatawanyika gizani, wakaingia kwenye migomba. Dakika mbili tu, kimya. Nikarudi kitandani najiona mshindi.

Alfajiri natoka kwenda kuswali, nikasikia mtu analia kule migombani. Binti mmoja alikuwa ametumbukia kwenye mtaro wakati anakimbia, mkono umevunjika. Alikuwa ameogopa kuita, akidhani mgambo bado wapo. Kumbe hata kwenye ile sherehe hakuwa mwenyeji, alikuwa amesimama kibarazani anaangalia, akakimbia kwa sababu wenzake wamekimbia.

Mimi na mke wangu tukamkimbiza hospitali. Pale mapokezi nikaulizwa jina la mgonjwa. Nikanyamaza. Nikaulizwa, "Ni nani wako?" Nikasema, "Mpangaji wangu." "Yuko kwako muda gani?" "Miezi minane."

Miezi minane, ndugu yangu. Kodi yake nimeipokea kila mwezi, na mimi nilimjua kwa jina la *chumba namba tatu*.

*Jirani ni nani kati yetu?*

Wote tunaijua ile hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) alisema kwamba Jibril hakuacha kumuusia juu ya jirani, mpaka akadhani jirani atapewa fungu la mirathi. Tatizo letu ni kwamba tukiisikia, kila mmoja anajiweka kwenye kiti cha anayedai. Mimi ndiye jirani, mimi ndiye niliyeudhiwa, haki ni yangu.

Na ni kweli, unadai. Tusilainishe hapo. Usingizi wa mtu ni mali yake. Ukiuchukua bila idhini umedhulumu, na huwezi kuurudisha kesho kama unavyorudisha debe la mahindi. Kijana anayesema "ni raha zetu tu, hatujamgusa mtu" amekosea. Sauti inagusa. Inaingia chumbani kwa mgonjwa bila kupiga hodi. Wahenga walisema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, lakini hapo ni mlango wake mwenyewe. Sabufa ya jirani ni habari nyingine.

Hata sheria ya nchi iko upande wako. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za mwaka 2015 zilizoweka viwango vya kelele na mitetemo. Kwenye makazi ya watu kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Wanaosimamia ni mamlaka ya mazingira ya nchi pamoja na halmashauri zetu. Kwa hiyo mtu akikwambia "kelele siyo kosa", mwambie akaulize vizuri.

Lakini sasa geuza kiti. Yule wa chumba namba tatu naye ni jirani yangu, tena tunachangia ukuta. Alikuwa na haki ya kujulikana jina lake. Alikuwa na haki ya kusalimiwa, kuulizwa kwao wapi, kuulizwa kama amekula, kupelekewa kibakuli cha futari hata kama hafungi. Katika haki hizo sikuwa nimelipa hata moja. Nilikumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa haki ya jirani usiku ule tu, tena ule upande unaonifaa mimi.

*Nani aliwaita?*

Tuseme ukweli. Hawa watoto hawakutuvamia. Wapo wa vyuo na wa ufundi, na wapo wa sekondari za kata ambao kwao ni mbali, wanapanga geto wajipikie karibu na shule. Sekondari za kata zilivyoenea miaka ya 2000, na ada ilivyoondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, watoto wakawa wengi na mabweni hayakutosha. Miji yetu nayo ikakua. Kyerwa ilivyopata wilaya yake mwaka 2012, Rubwera ikawa makao makuu. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, kote huko mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha.

Na wajenzi ni sisi. Sisi ndio tunaowauzia vocha, chapati, mkaa na mafuta ya jenereta. Mama ntilie wetu anaishi kwa hela yao. Wakifunga chuo tunalalamika biashara imelala. Yaani tunaitaka kodi yao, lakini hatutaki wawepo. Mtoto wa miaka 19 aliyetoka kwa mama yake, hana baba wala mjomba hapa, mwenye nyumba wake hajui jina lake, imamu hamjui, mwenyekiti hamjui. Akikosea, wa kwanza kujitambulisha kwake ni mgambo mwenye tochi.

*Imamu Abu Hanifa na jirani yake*

Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kisa cha Imamu Abu Hanifa (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 150 Hijria. Pale Kufa alikuwa na jirani fundi viatu. Mchana kutwa anafanya kazi, usiku anarudi na kitoweo chake, anapika, anakunywa pombe, kisha anaimba kwa sauti, wimbo wa kulalamika kwamba watu wamempoteza kijana wa maana. Anaimba mpaka usingizi umchukue. Upande wa pili wa ukuta Imamu yuko kwenye swala ya usiku, anasikia yote.

Usiku mmoja Imamu hakuisikia ile sauti. Akauliza, yuko wapi jirani yetu? Akaambiwa walinzi wa usiku wamemkamata, yuko kifungoni. Sasa jiulize, mimi na wewe tungesema nini? Tungesema Alhamdulillah, tumepumzika. Imamu aliswali alfajiri, akapanda nyumbu wake, akaenda mpaka kwa amiri kumwombea. Amiri akamwachia, na waliokamatwa usiku ule nao wakaachiwa. Njiani wanarudi, fundi viatu anafuata nyuma, Imamu akageuka akamuuliza kwa kutumia maneno ya wimbo wake mwenyewe, kama kweli wamempoteza. Yule mtu akajibu hapana, umenilinda na umetunza haki ya jirani. Inasimuliwa kwamba akatubia, hakurudia tena.

Zingatia hapo. Imamu hakuihalalisha pombe, na hakusema kelele ni sawa. Ila alikuwa akimsikia mtu ndani ya zile kelele, ndiyo maana sauti ilipokosekana alijua kuna mtu amekosekana. Mimi usiku ule nilisikia kelele tu. Kimya kilipoingia, sikujiuliza kuna nani migombani.

*Alichoniambia mama wa upande wa pili*

Asubuhi ile ile nilipita kwa jirani yangu mwingine, mama mjane, Mlutheri, mtu mzima mwenye presha. Nilitaka kumpa pole kwa usiku ule, na kusema kweli nilitaka pia anisifu kwamba nimewanyamazisha. Alinikaribisha vizuri, akanishukuru. Halafu akasema, "Mwanangu, wale watoto wamenikosesha usingizi usiku mmoja. Ila na mimi nikuombe jambo, usikasirike. Mwezi wenu unaanza. Ile spika ya kuamsha watu daku inaanza saa 9, na humu mtaani wanaoamka ni nyumba tatu. Adhana sina neno nayo, nimeizoea na ni fupi. Ni zile nusu saa za mwanzo."

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mgambo juu yetu. Alisubiri mpaka nilipokuja mwenyewe kuzungumza habari za kelele.

Nikakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa kwenye itikafu aliwasikia masahaba wananyanyua sauti kwa kisomo. Akafunua pazia, akawaambia kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane kwa kupandishiana sauti. Hicho ni kisomo cha Qur'ani, na wanaoudhika ni waumini wenzao ndani ya msikiti mmoja! Sembuse qaswida ya kwenye spika kwa mama mgonjwa wa dini nyingine. Na zile kanuni za kelele nilizozitaja hazikuandikiwa baa peke yake. Nyumba za ibada nazo zimo.

Kamati yetu tulikaa, tukazungumza kwa adabu, hatukukubaliana siku ya kwanza. Mwishowe tukasema adhana ibaki, na daku tuamshane kwa simu na kwa chaneli hii. Ndiyo maana ule ujumbe wa saa 9 unakufikia hapa. Wapo waliosema tumedhoofika. Mimi naona tumelipa deni, na sasa tunaweza kwenda kwa wale vijana bila kuinamisha macho.

*Si tupige marufuku tu?*

Utaniuliza, si wapigwe marufuku tu? Angalia wenzetu. Dar es Salaam vigodoro vilipigwa marufuku, vikahamia mtaa wa pili, vikarudi. Disko vumbi viongozi wa wilaya mbalimbali wamezikataza kwa sababu ya mimba za wanafunzi, na sababu ni ya kweli kabisa, mwenye binti anaielewa. Lakini marufuku peke yake haimwambii kijana aende wapi. Ukimfukuza kwenye chumba chako leo, kesho atapanga kwa jirani yako na sabufa yake.

Na kuna somo chungu linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, mjini Tabora, watoto takriban 20 walikufa kwa kukosa hewa kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Watoto wadogo, na nguo zao mpya za sikukuu. Tangu hapo ikifika Idd unasikia polisi wanatangaza kupiga marufuku disko toto, na wana haki. Lakini swali langu ni hili: sisi watu wazima tulikuwa tumewaandalia nini? Tulimaliza swala ya Idd, tukala pilau, tukalala. Furaha ya watoto tukamwachia mwenye ukumbi, na hesabu yake yeye ilikuwa ni viingilio.

Furaha yenyewe siyo dhambi. Siku ya Idd Abu Bakr (r.a.) alitaka kuwakemea mabinti wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, maana kila watu wana sikukuu yao. Furaha ina siku yake na mahali pake. Kazi yetu wakubwa ni kuitafutia mahali. Tusipoitafutia, itajitafutia yenyewe, na itapapata chini ya dirisha la mgonjwa.

*Basi tufanye nini?*

Nimejaribu haya kwangu tangu usiku ule. Siyo dawa ya kila kitu, lakini yamesaidia.

1. *Jua majina.* Wewe mwenye nyumba, leo baada ya futari, kaa uandike majina ya wapangaji wako, na namba ya mzazi wa kila mmoja. Kama huyajui, nenda ukaulize. Ukiwa na futari mkononi ni rahisi zaidi.

2. *Masharti yasemwe mchana, kabla ya kosa.* Kwangu tumeandika: mwisho wa muziki wa nje ni saa 4 usiku, barabara haifungwi, mwenye sherehe anatoa taarifa siku mbili kabla, na anapita nyumba jirani kujitambulisha. Wao wenyewe ndio waliopendekeza hilo la mwisho.

3. *Chagueni mmoja wa kupigiwa simu.* Kila nyumba ya wanafunzi iwe na kijana mmoja ambaye jirani akisumbuka anampigia yeye. Kijana akiambiwa na mwenzake anasikia haraka kuliko akiambiwa na tochi.

4. *Tafuteni mahali.* Uwanja au ukumbi mbali kidogo na nyumba, kwa makubaliano na mwenyekiti na mtendaji. Ijumaa hii nitaiomba kamati ifikirie siku ya Idd: mpira jioni, chakula, vijana wa dini zote, mwisho saa 12.

5. *Yapo ya kuita serikali, na usisite.* Watoto wa shule wakiwa kwenye pombe, binti akiwa hatarini, ugomvi, au sherehe inayorudiwa baada ya kuonywa: mwite mwenyekiti, ita polisi. Upole usigeuke kuwaacha watoto waangamie. Ila na wewe uwepo pale. Ukimwita mtu wa kuwatawanya, simama mpaka ujue kila mmoja amefika kwake salama. Mimi sikusimama.

Funga yetu yenyewe inatufundisha hili. Aliyefunga ameambiwa asipayuke, asigombane, na akichokozwa aseme kwamba amefunga. Tunalikumbuka hilo tukiwa na njaa mchana. Lakini usiku, tukiwa tumeshiba, ndipo tunapopandishiana sauti, wao kwa sabufa na sisi kwa hasira.

Yule binti anaendelea vizuri, mkono bado una hogo. Wiki hii alipita sebuleni kwetu jioni, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, mke wangu akamtengea. Si Mwislamu, alisubiri adhana pamoja na sisi ndipo akagusa chakula. Nilimwomba msamaha mbele ya wanangu. Akainama akasema na wao walikosea, yule bibi wa upande wa pili walikuwa hawajui kwamba anaumwa. Hawakujua. Na mimi sikujua. Ukuta mmoja, na hakuna aliyejua lolote juu ya mwenzake. Jina lake sitaliandika hapa, ila sasa nalijua, na jina la baba yake, na kijiji chao.

*Swali la leo:* kati ya watu wanaolala ndani ya hatua hamsini kutoka kitandani kwako, ni wangapi huwajui majina? Anza na mmoja, kabla ya magharibi.

Ewe Mola wetu, tupe usiku wenye utulivu na utujaalie tuwe utulivu kwa wengine. Walinde watoto wa watu walio mikononi mwetu kama tunavyoomba wetu walindwe walipo. Wape shifaa wagonjwa wetu, na utufikishe Laylatul Qadr hali ya kuwa hakuna jirani anayetushitaki Kwako. Amin.

Mtumie na mwenye nyumba mwenzako. Swaumu njema.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.